Msiba wa Buibui Kitenge

Enzi zetu sisi, mfugo wa mtoto ulikuwa na kinyesi. Nasema hivyo kwa sababu binti yangu Neema, ninayeishi naye hapa Tunduma, alikuwa na paka anayekaa ndani ya simu. Anamlisha kwa kidole, anamwogesha kwa kidole, na chaji ikiisha paka naye analala. Siku moja nikamuuliza, "Sasa huyu akifa inakuwaje?" Akanijibu bila kuinua macho, "Hafi, mama. Unaanza tu upya." Nikacheka peke yangu, maana mfugo wangu mimi ulifanyiwa msiba, ukasomewa wasifu mbele za watu, na habari yake haikuishia hapo.

Mliokulia Mbozi mtanielewa. Nakumbuka tulipokuwa wadogo, baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inaingia mpaka kwenye uji. Asubuhi ukungu umelala juu ya mibuni, sisi tumefungwa kanga za mama shingoni, vidole vimekufa ganzi, tunachuma kahawa na kutia ndooni. Ile iliyoiva kabisa tulikuwa tunaifyonza kwanza, utamu wake ule mdogo, kisha tunatemea mbegu kwenye ndoo ileile bila aibu. Jioni baba anazungusha mashine ya kumenyea, maganda yanamwagika upande huu, mbegu upande ule, na harufu ya kahawa iliyolowekwa inajaa nyumba nzima mpaka kwenye mablanketi. Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa anajua nani kwao wamemenya jana kwa kunusa tu. Vijana wa siku hizi kahawa wanaijua ikiwa kikombeni, ina povu, na juu yake wamechorewa ua. Wanaipiga picha mpaka inapoa.

Tulikuwa tunakula vizuri, jamani. Viazi vya kufukia kwenye majivu, unavipiga piga vumbi na kuvimeza vikiwa bado moto. Masuku, matunda ya porini yaliyotujaza mifuko na kutuchelewesha shule. Maharage mapya yakipikwa, bibi anapita anaonja kwa mwiko na kusema chumvi haijafika, hata kama imefika. Shuleni tulienda na ufagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono mwingine, na ole wako ufike kidumu kina nusu.

Baba yetu alikuwa mkulima wa kahawa na mtu wa sheria zake. Sheria yake ya mifugo ilikuwa hivi: mtoto akifika darasa la tatu anapewa tetea. Tetea huyo akifika Krismasi yuko hai, mtoto anapewa mbuzi jike wa kwake mwenyewe. Akizaa, wako. Hao wakizaa, wako. Kaka yangu Elia, aliyeniachia ziwa, alishaushinda mtihani huo. Mbuzi wake alikuwa na ndevu kama mzee wa kanisa, na Elia akipita mbele yangu ameshika kamba alikuwa anabadilisha hata mwendo. Nilikuwa naitamani kamba ile kuliko nguo ya sikukuu.

Mwaka wangu ulipofika nilipewa tetea mwekundu. Hajataga hata yai, kideri, ugonjwa wa kuku, kikapita kijijini kama ilivyokuwa desturi yake, na asubuhi nikamkuta chini ya kichanja cha kuanikia kahawa, shingo imepinda. Kuku wa Elia walipona. Yeye alikuwa anawatilia shubiri kwenye maji na hakunambia, mjanja yule. Nikaenda kwa baba nikilia. Alikuwa anazungusha mashine, na hakuacha kuizungusha.

"Aliyeshindwa kuku," akasema, "mbuzi atamweza?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua kahawa mbovu. Akasema, "Mwache mtoto apumue kwanza." Baba akamtazama mama yake, akanitazama mimi, huruma ikamjia.

"Haya. Fuga unachotaka mwenyewe. Kitu chochote. Kikifika Krismasi kinapumua, mbuzi utampata."

Nadhani mawazo yake yalikuwa kwa sungura.

Watoto wa kwetu tulikuwa na ufundi wa kumvua buibui wa shimoni kwa unyasi. Kwenye kingo za njia zinazokatiza mashamba, pale udongo mwekundu ulipokatwa ukasimama, ungekuta kitundu cha kuingia kidole cha mwisho, mdomo wake umezungushiwa utando mweupe. Unachagua unyasi wenye kichwa, unautemea mate kidogo, unauingiza polepole na kuutikisatikisa kama mdudu aliyepotea njia. Ukihisi umeshikwa, unasubiri. Ukiwa na pupa anaachia. Ukiwa mvumilivu unamvuta taratibu mpaka mlangoni, anatoka, na hapo kawaida wote tunapiga yowe na kutawanyika, kisha mwenye viatu anarudi kumkanyaga. Hatukuwa malaika.

Siku ile nilikuwa peke yangu na sikupiga yowe. Buibui aliyetoka hakuwa yule mweusi tuliyemzoea. Alikuwa mdogo, mwili kama tunda moja la kahawa, na angekusanya miguu yake yote angetosha kwenye kizibo cha soda. Lakini rangi zake! Mgongo wa dhahabu, tumbo la rangi ya machungwa lenye michirizi myeusi, na miguu ya bluu, ile bluu ya kitenge cha Kongo kabla hakijaingia maji. Alikuwa na manyoya, nadhifu kana kwamba amechanwa. Akasimama mlangoni kwake akainua miguu miwili ya mbele, ananitisha. Kitu kidogo hivyo kinanitisha mimi, mtoto mzima wa darasa la tatu. Nikampenda palepale, na jina halikunisumbua. Nikamwita Kitenge.

Shangazi yetu aliolewa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, na kila akija alikuwa analeta maziwa ya unga kwenye makopo makubwa. Kopo moja tupu nililiomba kwa mama. Nikalitoboa mfuniko kwa msumari, nikatia udongo wa palepale kwenye ukingo, nikaushindilia, nikachimba kitundu cha kuanzia kwa kijiti, nikaweka na kizibo cha soda cha maji ya kunywa. Nilimuingiza Kitenge kwa kumswaga kwa unyasi bila kumgusa. Kesho yake alikuwa ameshakipanua kitundu changu, amekiona hakifai, amekipiga plasta ya utando ndani kote. Nilijiona nimepata mpangaji wa maana.

Nyumbani walipokea habari hizo kila mtu kwa namna yake. Mama alisema kopo lisivuke mlango wa jikoni. Elia alicheka mpaka akashika mti, kisha akasema, "Siku kuku wangu akimuona, umekwisha." Baba alifungua mfuniko, akachungulia, akaufunga, akaniangalia. Nikamkumbusha, "Baba, ulisema kitu chochote." Akakuna kichwa, akasema, "Nilisema," akaenda shambani.

Bibi ndiye aliyekuwa adui wa kweli. Alihamisha kigoda chake upande wa pili wa uwanja. Akisali kabla ya kula alikuwa anaongeza sentensi kuhusu wadudu wa shimoni. "Nyumba ya Mkristo haifugi kitu chenye miguu minane," alisema, na alipotaka niwe nimeelewa vizuri aliyarudia kwa Kinyiha chetu. Alikuwa na macho mabovu, hawezi kutofautisha Elia na baba kwa mbali, lakini kopo langu alikuwa analiona popote lilipo. Nikipita nalo alikuwa anainua miguu kutoka chini.

Nikamfuga Kitenge kwa bidii ambayo sikuwahi kuiweka kwenye hesabu. Nilijifunza kwamba panzi mkubwa anamuogopesha na panzi mdogo anamfurahisha. Nilijifunza kwamba hapendi jua, hapendi kutikiswa, na ukimgusa kwa unyasi akiwa ameshiba anaupiga kofi. Nilimpa panzi waliovunjwa miguu ya nyuma, mende wachanga wa jikoni, na mvua za kwanza ziliposhuka nikampa kumbikumbi. Siku hiyo ya kumbikumbi kijiji kizima kilikuwa kinakula, sisi tunakaanga, kuku wanadonoa, na Kitenge naye mlangoni kwake anavuta mmoja mmoja ndani. Hata Elia alikuja akachuchumaa kutazama. "Anajua kula huyu," akasema, na kwa Elia hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kisha Kitenge akaacha kula.

Nikampa panzi, akageuka. Nikampa mende, akamkimbia, yaani buibui anamkimbia mende. Rangi zake zikaanza kufifia: dhahabu ikawa vumbi, bluu ikawa kijivu, tumbo likawa jeusi upande wa nyuma. Akaziba mlango wake kwa utando. Krismasi ilikuwa inakaribia, shule zimefungwa, watu wameanza kupaka nyumba udongo mweupe, na mimi nilikuwa nashinda nimeinamia kopo nikimbembeleza mdudu ale. Nilikuwa nakumbuka shingo ya yule tetea. Sikumuogopa baba, nilikuwa naogopa kwamba baba amesema kweli, kwamba kuna watu mikono yao haikubaliani na kiumbe chenye uhai, na mimi ni mmoja wao.

Asubuhi moja nikafungua kopo. Kitenge alikuwa ametoka juu, ametandika utando chini kama shuka, na amelala juu yake chali. Miguu yote juu, imekunjika. Nikampulizia. Hakutikisika.

Nililia kilio ambacho jirani yetu alikisikia akidhani ni bibi amefariki, akaja na ufagio mkononi. Alipoonyeshwa marehemu akarudi kwake na ufagio wake. Elia, nitamsifu kwa hili, hakucheka. Aliniangalia akasema, "Tumzike vizuri basi." Na mara moja akageuka kuwa kamati nzima ya mazishi. Akatuma watoto wakawaite wengine. Akachimba kaburi kati ya mibuni miwili, akasawazisha kingo kwa panga. Alitaka kumhamishia marehemu kwenye boksi la kiberiti liwe jeneza. Nikakataa katakata. Nilisema nyumba yake ndiyo jeneza lake, na hakuna atakayemgusa. Elia akakubali, akasema familia ya marehemu isikilizwe.

Enzi zetu watoto tulijua msiba. Tulibebwa mgongoni kwenda misibani, tulilala misibani, tulijua kila kitu kinakwenda kwa utaratibu gani. Kwa hiyo wakaja, watoto wa pande zote, na rambirambi zao: huyu punje za mahindi ya kuchoma, huyu kiazi, huyu ua la mzambarau wa kanisani. Wasichana wakajifunga kanga kiunoni. Tukaimba wimbo wa pambio, sauti tatu, maana Mbozi hata watoto wanajua kugawana sauti. Elia akavaa koti la baba, likamfika magotini, akasoma wasifu wa marehemu kutoka kichwani.

"Marehemu Kitenge alizaliwa kwenye ukingo wa njia ya kwenda mtoni. Hakubatizwa. Katika uhai wake alipenda kumbikumbi na alichukia mwanga. Aliugua muda mfupi, akakataa chakula, na jitihada za kumwokoa hazikuzaa matunda. Ameacha mlezi mmoja, Yusta, na kopo."

Aliposema jina langu nikaanza kulia upya. Wingu jeusi lilikuwa limeshapanda juu ya mlima, upepo unageuza majani ya mibuni, na Elia akatangaza tuage mwili upesi, mvua inakuja. Kopo likawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Tukapanga mstari. Kila mtoto akapita, akainama, akatazama, akapita. Wengine walipiga ishara ya msalaba japo si dhehebu lao.

Mstari ulipoisha, Elia akashika mfuniko. "Tufunge."

"Bado," nikasema. "Bibi hajaaga."

Kukawa na ubishi. Elia akasema bibi hakumpenda marehemu. Mwingine akasema mvua hii ikitukuta kaburi litajaa maji. Nikasema kwetu mwili haufungwi kabla watu wote wa nyumba hawajaaga, hata mgonjwa anabebwa, hata waliogombana na marehemu wanaitwa, na hao ndio wanaoitwa kwanza. Hilo wote walikuwa wanalijua. Elia akauachia mfuniko.

Bibi alikuwa jikoni anachagua maharage. Nikamwambia, "Bibi, tuna msiba. Njoo uage." Nilitegemea anifukuze. Alicheka kidogo puani, akayaona macho yangu, akaacha kucheka. Akaweka ungo chini, akajifunga kanga yake ya pili kiunoni kama anavyofanya akienda msibani kweli, akanifuata nje polepole. Watoto wakampisha.

Kwa sababu ya macho yake hakuweza kutazama akiwa amesimama kama sisi. Alilazimika kuinama mpaka pua ikakaribia kuingia kwenye kopo, yeye ambaye miezi yote hiyo alikuwa ananyanyua miguu nikipita. Tulisubiri. Akaendelea kuinama. Upepo ukavuma, matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati, na bibi hanyanyuki. Elia akakohoa kama mchungaji anayeharakisha watu.

"Nyie watoto," bibi akasema, bado yuko ndani ya kopo. "Mbona marehemu wenu anavua gauni?"

Tulimrukia bibi wa watu tukataka kumwangusha. Vichwa vyote kwenye kopo moja. Na kweli: mgongo wa Kitenge ulikuwa umepasuka kama pindo la nguo iliyobana, na kutoka ndani ya lile vazi la kijivu kulikuwa kunatoka kitu chenye rangi. Mguu mmoja ukavutwa, polepole, kama mtu anavyovua soksi iliyolowa. Ukaonekana bluu. Ukapumzika. Mwingine ukafuata.

Mvua ikashuka yote. Watoto wakakimbilia barazani, Elia na koti lake la baba mbele yao, na mimi nikashindwa la kufanya, maana kulinyanyua kopo niliogopa kumtikisa na kuliacha ni kumzamisha. Bibi akafungua kanga ya kiunoni, akaitandaza juu ya kinu kwa mikono yake miwili, akasimama hapo. Maji yanamtiririka kichwani mpaka mgongoni. Nikaingia chini ya kanga pamoja na Kitenge, nikatazama mguu baada ya mguu, na bibi kila mara anauliza kwa juu, "Amefika wapi?" Nami namwambia, "Bado mitatu, bibi." "Mwambie asiwe na haraka," anasema.

Mvua ilipokatika, kwenye kopo kulikuwa na buibui wawili. Mmoja mtupu, mwepesi, mwenye miguu na manyoya na kila kitu isipokuwa mwenyewe. Mwingine amelala pembeni amechoka, mkubwa kuliko zamani, na rangi zake mpya mpaka zinaumiza macho. Elia aliapa kwamba amezaa. Watoto walidai rambirambi zao, lakini mahindi nilikuwa nimeshayala.

Krismasi ikafika. Baada ya ibada, tumekula wali na kuku, na kuku mwenyewe ni wa Elia, baba akakaa kwenye kiti chake uwanjani akasema, "Yusta, lete tuone." Nikaleta kopo. Kitenge alikuwa mlangoni kwake, jua la jioni linamwangukia, na niliposogeza unyasi akainua miguu miwili ya bluu kumtisha baba. Baba akarudisha kichwa nyuma.

"Yule alikuwa mdogo," akasema. "Na hakuwa anang'aa hivi. Mwanangu, umeokota mwingine."

Nilianza kueleza, maneno yakagongana, na baba akawa anatikisa kichwa kwa upole, ule upole wa siku ya tetea. Elia akafungua mdomo. Lakini bibi alishanyanyuka kwenye kigoda. Alikuja, akaingiza mkono kifuani alipozoea kutunza vitu vyake, akatoa boksi la kiberiti, akalifungua mbele ya mwanawe. Ndani kulikuwa na lile gauni kuukuu la Kitenge, miguu yote minane, haujavunjika hata mmoja. Aliniomba alitunze siku ileile ya mvua, na nilidhani alitaka kulichoma.

"Nguo yake hii hapa," bibi akasema. "Nilimuona mimi akiivua, kwa macho yangu haya mabovu. Wewe mwenye macho mazima ulikuwa wapi? Mtoto huyu alikesha na kiumbe ambacho sisi sote tulikuwa tumeshakichimbia kaburi. Mpe mbuzi wake."

Baba alilitazama gauni, akamtazama buibui, akaanza kucheka. Alicheka hadi akafuta macho. Kisha akanyanyuka mwenyewe, hakumtuma mtu, akaenda bandani na kurudi na mtamba wa mbuzi, mweupe mwenye doa jeusi shavuni. Akanikabidhi kamba mkononi mbele ya watu wote. "Nilikuuliza swali siku ile kwenye mashine," akasema. "Umenijibu." Niliizunguka nyumba na ile kamba mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mara zote nilihakikisha Elia yuko mahali anaponiona.

Yule mbuzi nilimpa jina Marehemu. Kila jioni nilikuwa nasimama kichuguuni naita, "Marehemu! Marehemu, rudi nyumbani!" na wageni waliokuwa wanapita njia hiyo walikuwa wanaongeza mwendo. Marehemu alizaa mapacha, na binti zake wakazaa, na mpaka leo bandani kwa Elia kule Mbozi kuna mbuzi wenye doa jeusi shavuni. Kitenge naye aliishi miaka mingi kuliko yeyote alivyotegemea, akavua magauni mengine, na kila akivua bibi alikuwa anaitwa. Alikuja na kigoda chake.

Bibi alipofariki nilikuwa mtu mzima, nina kazi hapa mpakani. Siku ya kuaga nilipanga mstari kama wengine. Zamu yangu ilipofika nikainama, nikakaa pale muda mrefu, mpaka mzee wa kanisa akanigusa bega. Alidhani nimezidiwa na uchungu. Uchungu ulikuwepo, ila pia nilikuwa naangalia. Nilikuwa naangalia kabisa, kwa makini, kama alivyonifundisha yeye.

Siku hizi watu hawaangalii. Misibani mstari wa kuaga umekuwa wa simu, mtu anapita ameinua mkono, anarekodi, anakwenda kuangalia baadaye, na baadaye haifiki. Hapa Tunduma malori yanashinda yamepanga foleni barabarani mpaka madereva wanafua nguo, na vijana wetu wamekaa pembeni yake wanatazama malori ya nchi nyingine kwenye vioo vya simu zao. Siwalaumu sana. Dunia yao ina vitu vingi vya kupita haraka, yetu ilikuwa na vichache vya kuinamia.

Sikukuu iliyopita nilimpeleka Neema kwa mjomba wake Elia. Nikamuonyesha ukingo, nikamuonyesha unyasi, nikamsimulia haya yote. Aliniambia, "Mama, nyie mlikuwa hamuogopi?" na nikadhani yameishia hapo. Tuliporudi Tunduma nikagundua ndoo yangu ya aiskrimu imepotea jikoni. Nikaikuta chini ya kitanda chake, mfuniko umetobolewa, na ndani yake udongo mwekundu wa Mbozi. Niliirudisha palepale. Nilianza tu kuacha mende wachanga wa stoo bila kuwapulizia dawa.

Juzi akanijia ameikumbatia ndoo, binti mkubwa wa sekondari. "Mama, amekufa. Amelala chali. Mimi ndiye niliyekosea, najua." Alikuwa anaelekea kwenye pipa la taka. Nikamwambia, "Weka mezani. Hajaagwa." Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Nikajifunga kanga kiunoni, nikavuta viti viwili, tukaketi na kuinama, yeye upande ule, mimi upande huu.

Tulikaa sana. Nje lori likapiga honi, simu yake ikalia mara mbili mezani, akaipuuza. Kisha nikaona macho yake yanafunguka, na nikajua mgongo umepasuka. Mkono wake ukaenda wenyewe kuichukua simu arekodi. Akaishika, akaiinua mpaka usawa wa kifua, akasita. Akairudisha mezani, kioo kikiwa chini.

"Ngoja kwanza, mama," akasema. "Ngoja niangalie."